Kilimanjaro, Ngorongoro, Tanganyika au mwamba wa pwani: mtoto mdogo aanze na kipi?

Muulize mtoto wa darasa la pili mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize kwa nini mlima huo una barafu na kilima cha nyuma ya shule hakina, hapo ataanza kutazama dari. Kosa si lake. Tumemfundisha rekodi: kirefu kuliko vyote, chenye kina kuliko vyote, kikubwa kuliko vyote. Rekodi ni jibu la swali ambalo mtoto hajauliza bado, na akishaikariri hana tena la kufanya nayo.

Hapa chini nalinganisha maumbile sita ya Afrika Mashariki kwa mzazi au mwalimu mwenye watoto wa miaka minne hadi minane, anayetaka kuchagua moja la kuanzia. Nimeyapima kwa maswali manne. Je, mtoto anaweza kuliona umbo lenyewe kwa macho, au angalau kulielewa kwenye picha? Anaweza kulitengeneza kwa mikono, na mikono ikamweleza jambo? Linamzalia swali lake mwenyewe? Na uongo gani hupenya kwenye somo lake? Hilo la mwisho nimeliongeza makusudi, kwa sababu anachoambiwa mtoto wa miaka sita kuhusu dunia hukaa naye mpaka ukubwani.

Ninakoegemea niseme mapema. Kwa watoto wa bara naanza na Ngorongoro, kwa watoto wa pwani naanza na mwamba wa matumbawe. Bonde la Ufa, ambalo vitabu vingi hulitanguliza, ningeliacha mwisho kabisa. Na popote utakapoanzia, weka maumbile mawili pamoja, usiweke moja. Mlima mmoja hauna swali. Milima miwili isiyofanana inalo.

Kilimanjaro: unaonekana, ila haujielezi

Sifa kubwa ya Kilimanjaro ni kwamba upo mbele ya macho ya watu wengi. Aliyeko Moshi, Hai, Rombo au ng'ambo kule Loitokitok anauona asubuhi mapema au jioni, mawingu yakishapisha. Hata mtoto wa Mtwara au Kisumu ameshauona kwenye kalenda.

Shida inakuja kwenye mikono. Mpe mtoto mchanga umwambie atengeneze mlima: atarundika, atapigapiga juu, kamaliza. Rundo halimwelezi mlima ulitoka wapi. Na ukweli wenyewe ni mzito kwa umri wake, kwa kuwa Kilimanjaro ni volkano tatu zilizojengeka pamoja: Shira iliyokwisha poromoka, Mawenzi iliyoliwa na mvua na barafu ikabaki meno meno yenye mita 5,149, na Kibo yenye kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Hapo ndipo hadithi ya Wachaga inapookoa somo. Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, kila mara akidai wake umezimika. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kibo alipochoka alishika mchi akamtwanga nao, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Mweleze mtoto hadithi hiyo, kisha mwonyeshe picha yenye vilele vyote viwili. Sasa ana vitu viwili vya kulinganisha, kimoja cha mviringo na kimoja kilichochongoka, na atakuuliza mwenyewe kama ni mchi kweli. Mjibu kwa kipimo chake: Mawenzi ni mzee zaidi, moto wake ulizimika zamani, na mvua, upepo na barafu vimemtafuna muda mrefu kuliko mwenzake.

Swali la pili wanaloliuliza ni zuri zaidi: "Mwalimu, mbona kule juu ndiko karibu na jua, halafu ndiko kwenye barafu?" Watu wazima wengi hujikwaa hapa. Jua hupasha ardhi kwanza, ardhi ndiyo hupasha hewa, na hewa ya juu ni nyembamba, haishiki joto. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takribani nyuzi 6. Moshi mjini hawafiki mita 1,000, kwa hiyo kutoka pale hadi kileleni ni kama mita 5,000, yaani pungufu la karibu nyuzi 30. Wa miaka minane ataiweza hesabu hiyo kwenye daftari. Wa miaka minne mwambie tu kwamba kila unapopanda unazidi kulitaka sweta.

Uongo unaoingia hapa ni ule wa kwamba mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann "aligundua" mlima mwaka 1848. Wachaga walikuwa wakilima migomba kwenye miteremko yake kabla ya babu yake Rebmann kuzaliwa. Lakini kisa chenyewe kisitupwe, kwa sababu kina kituko ambacho watoto hukifurahia: Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya walimkatalia, na aliyebisha zaidi, William Desborough Cooley wa London, hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Aliyekaa nyumbani akabishana na aliyefika.

Na tafadhali tafuta picha ya miaka ya karibuni. Tangu barafu hiyo ipimwe mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 imekwisha. Kofia nyeupe nzima iliyochorwa kwenye vitabu vya zamani haipo tena, na mtoto wa Machame anajua hivyo kuliko kitabu.

Ngorongoro: mlima ulikwenda wapi?

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo mikono na swali vinapokutana.

Ngorongoro ilikuwa volkano kubwa. Ilipokwisha kumwaga kilichokuwa tumboni mwake, paa lilikosa cha kuegemea likaanguka ndani. Hayo yalitokea zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kilichobaki ni bakuli lenye kuta za kama mita 600 na sakafu ya takriban kilomita za mraba 260. Watu tunasema kreta, wanajiolojia husema kaldera, na katika kaldera za dunia ambazo kuta zake hazijabomoka wala hazijajaa maji, hakuna inayoizidi ukubwa. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1979.

Somo lenyewe linahitaji karai, puto, kalamu ya biki iliyotolewa wino, mpira wa kufungia, na ndoo ya mchanga uliochanganywa na majivu. (Wapo wanaotumia unga. Unga ni chakula, na watoto wanalijua hilo.) Mdomo wa puto ufungwe kwenye bomba la kalamu, puto lipulizwe lifikie ukubwa wa chungwa, kisha liwekwe katikati ya karai huku bomba limetokeza pembeni na mtoto mmoja ameliziba kwa kidole. Wengine wafukie puto kwa mchanga wenye unyevu kidogo, wajenge mlima wao, waupambe kwa vijani vya miti wakitaka. Usiwaambie kitakachotokea. Wakishauridhia mlima, mwambie aliyeziba atoe kidole polepole.

Katikati panazama, pembeni panabaki ukuta wa mviringo. Watoto wananyamaza kwa muda mfupi, halafu wote wanataka kurudia. Wa kwanza kuuliza atasema: mlima umekwenda wapi? Katika maumbile yote sita sijui jingine linalomtoa mtoto swali la kijiolojia namna hiyo bila kusukumwa. Tena jibu liko mbele yake, ndani ya karai: haukwenda popote, umeanguka ndani yake wenyewe.

Swali linalofuata huwa la wanyama: waliingiaje, na mbona hawatoki? Wengi huingia na kutoka, nyumbu na pundamilia wakiwemo. Ni twiga wasioonekana kule chini, na maelezo ya kawaida ni kuta kali pamoja na uchache wa miti ya kula. Mtoto akishajua kwamba twiga hayupo, kuta zile zinapata maana kuliko ukimtajia mita 600.

Kuna nyongeza ya jirani. Katika eneo hilohilo la hifadhi, kule Laetoli, kundi la mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Walipita juu ya majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, majivu yakakauka, yakafunikwa na mengine. Loanisha majivu kwenye sinia, mtoto akanyage, yakauke juani. Ghafla volkano inakuwa kitu kilichohifadhi mguu wa mtu, na "zamani sana" inapata pa kushika. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano milioni, umemwambia "nyingi". Unyayo anauelewa.

Uongo wa hapa hutoka kwenye video: kwamba shimo lile lilichimbwa na jiwe kutoka angani. Dawa yake iko mkoani Songwe. Kimondo cha Mbozi, jiwe la kweli la angani lenye tani zaidi ya 10, limelala pale na halina kreta yoyote chini yake. Weka picha zake kando ya Ngorongoro: jiwe bila shimo, shimo bila jiwe. Hiyo ndiyo jozi ninayosema.

Kwa wanaofikiria safari, kushuka chini kunataka gari lenye nguvu magurudumu yote manne, na hapo ndipo gharama ilipo. Binafsi naona mtoto mdogo anafaidi zaidi akiwa juu ukingoni. Kule chini ataona simba, na akishaona simba jiografia imekwisha.

Ol Doinyo Lengai: volkano ya magadi

Huyu, volkano iliyoko kaskazini mwa Tanzania, ni wa nyongeza, ila ana faida moja ambayo hakuna mwingine aliye nayo: kitu chake kiko jikoni.

Jaribio maarufu la volkano mashuleni ni siki juu ya magadi soda. Povu linafurika, watoto wanapiga makofi. Silipendi sana, kwa kuwa linamfundisha mtoto kwamba mlima hutoka povu kwa sababu kuna mtu kammiminia kitu juu, ilhali volkano inasukumwa kutoka chini. Lakini ukiwa na magadi mkononi, zungumza habari za Lengai. Ndiyo volkano pekee duniani kwa sasa inayotoa lava yenye madini ya jamii ya magadi. Lava yake ni nyeusi, nyepesi kama mafuta ya kula, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava ya kawaida huvuka 1,000. Ikishanyonya unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, ndiyo maana kileleni huonekana kama pana theluji. Weka picha ya Lengai mweupe kando ya Kibo mweupe, uwaulize watoto yupi ana barafu. Watakosea, na watafurahi kukosea.

Nunua bonge la magadi sokoni, lile la kuivishia maharage, walishike na kuliyeyusha kwenye maji ya vuguvugu. Waambie maji ya Ziwa Natron, chini ya mlima huo, yana chumvichumvi za jamii hiyo, makali kiasi kwamba wanyama wengi hawayawezi, na ndiyo sababu heroe, wale flamingo wa rangi ya waridi, huenda kutagia huko bila kusumbuliwa. Udhaifu wake ni kwamba mlima wenyewe uko mbali, bado uko hai (ulilipuka kwa majivu mwaka 2007 na 2008), na kwa mikono hautengenezeki.

Tanganyika na Viktoria: maziwa mawili na kamba moja

Ziwa ni gumu kufundisha, kwa sababu linalolifanya liwe la pekee halionekani. Aliyesimama Ujiji anaona maji mpaka upeo. Aliyesimama Mwanza naye anaona maji mpaka upeo. Kwenye ramani Viktoria ndilo linaloonekana kubwa, na kwa eneo ni kweli: karibu kilomita za mraba 68,800, zaidi ya mara mbili ya Tanganyika.

Sasa chukua kamba na rula. Sentimita moja iwe mita 10. Ziwa Viktoria, mahali penye kina zaidi, ni kama mita 80: fundo kwenye sentimita 8. Ziwa Tanganyika ni mita 1,470: fundo kwenye sentimita 147. Kamba inamzidi mtoto kimo. Mpe ashike fundo la Viktoria kwa vidole viwili, halafu asimame kwenye kiti aiachie ya Tanganyika ining'inie mpaka chini. Hakuna haja ya kumwambia kwamba ni la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Ukitaka kumwambia, Baikal ni sentimita 164, mwongezee kipande.

Swali linakuja lenyewe: mbona hili ni refu chini hivyo? Kwa wa miaka saba au minane, jibu ni kwamba Viktoria ni sinia, maji yamekaa kwenye bonde pana lisilo na kina, na Tanganyika ni maji yaliyojaa kwenye ufa wa ardhi. Hapo umeshapanda mbegu ya Bonde la Ufa bila kulitaja.

Kamba hiyo usiitupe. Ukuta wa Ngorongoro unakuwa sentimita 60 na ushei. Kilimanjaro inakuwa karibu mita 6, ukutani haitoshi, mpaka muitandaze uwanjani. Everest, mita 8,849, ni karibu mita 9 za kamba. Mnazi mrefu ni sentimita 2. Na mtoto mwenyewe, kwa kipimo hicho, ni milimita moja. Hilo la milimita moja ndilo watakalokwenda kulisimulia nyumbani.

Kwa watoto wa Kigoma, Kalemie, Bujumbura na Mpulungu, ziwa ndilo la kuanza nalo, wala wasipelekwe Ngorongoro kwanza. Wanaijua migebuka, wanajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Waambie kwamba kule chini kabisa hakuna samaki, kwa sababu maji ya kina kirefu hayana oksijeni. Samaki wote wanaowajua wanaishi kwenye sehemu ya juu ya kamba. Ifungeni utepe wa rangi sehemu hiyo, sentimita 10 hadi 20 tu, waone jinsi ilivyo fupi.

Uongo wa hapa ni mdogo lakini unaenea: kwamba maziwa yote makubwa ya Afrika Mashariki ni ya Bonde la Ufa. Viktoria si la ufa. Limekaa katikati ya mikono miwili ya bonde hilo.

Bonde la Ufa: kubwa mno kuonekana

Vitabu huanza nalo kwa sababu ndilo linaloeleza mengine yote. Kwa mtu mzima hiyo ni sababu nzuri. Kwa mtoto ni kinyume: umempa jibu kabla ya maswali.

Kulitazama kunawezekana. Wapitao barabara ya Nairobi kwenda Naivasha husimama pale juu, ardhi inakatika miguuni na bonde limelala chini, mlima Longonot katikati. Ni mandhari ya kukata pumzi. Lakini mtoto anaona ukuta mmoja tu. Ule wa pili uko mbali. Anachokiona yeye ni "chini", hajaona "ufa".

Kwa mikono linafanyika vizuri, nalipa haki yake. Weka karatasi mbili ngumu mezani, kingo zake zimegusana, mwaga juu yake tabaka la mchanga mkavu, tabaka la majivu, tabaka la mchanga tena. Watoto wawili wavute karatasi polepole, kila mmoja upande wake. Katikati panadidimia, pembeni panabaki kingo. Ni kaldera iliyonyooka, na mtoto aliyeshafanya Ngorongoro ataiona tofauti: kule paa lilianguka, huku sakafu imevutwa. Asiyefanya Ngorongoro ataona mchanga umemwagika.

Muda ndio unaoliua somo. Pande hizo mbili za Afrika zinaachana kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zinavyokua. Mwendo wa namna hiyo mtoto wa miaka mitano hana pa kuuweka, kwa hiyo anauharakisha kichwani mwake: anadhani Afrika itapasuka kesho. Machi 2018 mpasuko mkubwa ulipotokea kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, picha zilizunguka zikiandikwa kwamba bara linagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba udongo laini wa majivu ya volkano na kufukua shimo lililokuwepo chini. Ufa unaofunguka kweli kwa ghafla upo, ulionekana Afar nchini Ethiopia mwaka 2005, ambako mpasuko wa kama kilomita 60 ulifunguka ndani ya siku chache. Ila huko ni mbali na kitanda cha mtoto wa Nakuru, na mtoto anayeogopa kulala hajifunzi jiografia.

Liache mpaka awe na miaka minane hivi, ashike kamba, karai na ramani vyote. Ndipo mpange maziwa kwa mstari: Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha, Magadi, Natron, Manyara upande mmoja, Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa upande mwingine. Atauona ufa mwenyewe kwa kidole.

Mwamba wa matumbawe: darasa la bure la pwani

Watoto wa Tanga, Mombasa, Lamu, Kilwa na visiwani wana kitu ambacho wa bara watakipata kwa picha tu, na mara nyingi tunawapita nacho kuwapeleka Kilimanjaro. Mara mbili kwa mwezi, kwenye bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na mwamba unatoka nje. Mtoto anatembea juu ya sakafu ya bahari. Kwa kipimo changu cha kwanza, kuona, hakuna kinachokaribia hapo. Wiki inayofuata, kwenye maji mafu, mrudishe palepale: mwamba haujitokezi namna ile. Jozi ya siku mbili, mahali pamoja.

Swali ni hili: jiwe hili limetoka wapi? Na jibu linamshtua kila mtu: limejengwa na wanyama wadogo. Mlima wa bara umesukumwa na moto. Mwamba wa pwani umejengwa na viumbe hai, tabaka kwa tabaka. Kisha mpeleke kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, aguse jiwe la matumbawe lililotumika kujengea. Ataona alama za matumbawe ukutani.

Kamba inafanya kazi hapa pia. Kati ya Unguja na bara, mkondo una kina cha makumi machache ya mita tu, yaani sentimita 4 au 5 za kamba. Bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 zama za barafu, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, mtu angetembea. Mkondo wa Pemba ni mamia ya mita, kamba inakaribia sentimita 80, na Pemba iliendelea kuwa kisiwa. Waulize watoto wa Unguja kipi kati ya visiwa viwili "kiliwahi kuwa bara", uone ubishi.

Tahadhari ni mbili. Viatu vya mpira lazima, maana mwambani kuna vya kuchoma. Na matumbawe hai yasikanyagwe wala kuvunjwa kwa ajili ya maonyesho ya darasani. Kipande kilichokufa na kutupwa ufukweni kinatosha.

Tufe, ramani au video?

Kwa kifupi. Kwa "wapi", nunua tufe kabla ya ramani ya ukutani. Ramani nyingi za ukutani huikuza Greenland ikakaribia Afrika, wakati Afrika inaizidi zaidi ya mara 13. Lakini tufe haliwezi kufundisha urefu wa mlima: kwenye tufe la sentimita 30, Everest ingekuwa na milimita 0.2, na yale matufe yenye vinundu vya milima yametia chumvi kupita kiasi. Video ni nzuri baada ya karai. Kabla ya karai, mtoto anatazama moto na kelele.

Mtoto wa miaka minne au mitano apewe puto na hadithi ya Mawenzi, basi. Wa sita na saba aongezewe kamba, magadi na nyayo. Walioko Muscat, Leicester au Toronto, mbali na yote haya, hawakosi kitu kikubwa, kwa kuwa karai na kamba havihitaji viza. Wao waanze na Ngorongoro, kisha wamtafutie mtoto kilima au ziwa la mtaani kwao la kuliweka kando yake. Na kwenye puto, nunueni pakiti nzima, maana la kwanza litapasuka kabla mlima haujasimama.